Kilele cha Uhuru alifika bila kichwa kuuma, Cusco ikamlaza kitandani: Peru na Bolivia tuanzie wapi?

#1 Mtembezi wa Pangani

Wakuu, habari za jioni.

Mimi na mke wangu tumetenga siku 24, kuanzia mwisho wa Juni, kwa ajili ya Peru na Bolivia. Yeye anataka masoko na ndege, mimi nataka milima. Tumekwama kwenye mpangilio. Kuna mtu na mkewe wa hapa Moshi, wote wawili walifika kilele cha Uhuru bila tabu. Walipotua Cusco kwa ndege kutoka Lima, mume akalala siku mbili anatapika, mke akazunguka sokoni kama kawaida. Cusco ni mita 3,400, Uhuru ni 5,895. Imekuwaje?

Ratiba ya kwanza: Lima, ndege hadi Cusco, magofu ya Machu Picchu, Puno, La Paz, kisha Uyuni kwenye tambarare ya chumvi. Ya pili: Lima, Arequipa, bonde la Colca tukaone tai wakubwa, Puno, La Paz, Uyuni, Cusco mwishoni. Ipi?

#2 Mgumu wa Marangu

Mkuu, hesabu ya mita umeianzia kileleni. Ianzie kitandani. Mwinuko unamkamata mtu usiku, pale anapolala. Njia ya Marangu usiku wa kwanza ni Mandara, mita 2,720, wa pili Horombo, 3,720, na wengi wanaongeza usiku mmoja hapo hapo kabla ya kwenda Kibo, 4,720. Kileleni unakaa dakika chache, unashuka. Sasa Lima iko usawa wa bahari. Ndege inachukua kama saa moja na dakika ishirini, na usiku huo huo unalala mita 3,400. Mgandamizo wa hewa pale ni kama theluthi mbili ya Dar es Salaam, na mwili haujapewa hata nusu siku ya kujipanga. Hakuna pole pole hapo.

Ratiba ya pili.

#3 Mwana wa Sirimon

#2 asante, ila umeupendelea mlima wako. Kanuni ya tiba ya milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Mandara hadi Horombo ni mita 1,000. Horombo hadi Kibo, 1,000 nyingine. Kilimanjaro yenyewe inapandwa mbio. Na kwetu Mlima Kenya mtu anatoka Nairobi asubuhi, jioni analala Old Moses, mita 3,300, karibu sawa na Cusco, na wengi wanaamka wazima. Nairobi ni kama mita 1,800, pengine hilo linasaidia kidogo, lakini kasi peke yake haijibu swali.

Mimi ningeuliza huyo mume alikula na kunywa nini jioni ya kwanza. Mlimani mpishi anakupa supu na mwongozaji anakusimamia mpaka maji yaishe kwenye chupa. Mjini hakuna wa kukusimamia. Sahani imejaa, bia iko mezani, na pombe inapunguza pumzi usingizini wakati ambapo oksijeni tayari iko chini.

#4 Mama Famasia

Wanangu, mwendo na chakula vyote vina sehemu yake, lakini kuna kitu kimeachwa. Kuzoea mwinuko ni kama kibali cha muda. Ukirudi pwani, ndani ya siku chache hadi wiki chache kimekwisha. Aliyefika Uhuru mwaka jana anaingia Cusco kama mtu wa kawaida. Mazoezi ya mwili pia hayamkingi mtu. Mkimbiaji anaweza kuumwa zaidi ya mwenzake kwa sababu siku ya kwanza anajisikia na nguvu, anapandisha ngazi za mtaa wa San Blas pale Cusco na begi mgongoni. Halafu miili imetofautiana tu: wawili wanakula sahani moja, wanalala kitanda kimoja, mmoja anaumwa, mwingine hana habari.

Dawa ni asetazolamidi, miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda hadi siku mbili baada ya kufika. Itawatia ganzi kwenye vidole, itawaamsha kukojoa usiku, na soda itakosa ladha. Hayo ni ya kawaida. Aliyewahi kubabuka ngozi kwa Fansidar au Septrin aonane na daktari kwanza, maana ni dawa zenye asili ya salfa. Mjamzito asiinywe bila daktari.

La pili ni kwa Waafrika hasa, na vitabu vya utalii havilisemi: pimeni selimundu kabla ya safari. Mwenye ugonjwa wenyewe asiende huko juu. Mbebaji tu, yaani AS, anaweza kuishi Dar es Salaam maisha yake yote bila kujua, halafu mwinuko ukaziba damu kwenye bandama. Dalili yake ni maumivu makali juu ya tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu. Ukiyapata, shuka siku hiyo hiyo na utafute hospitali. Usiambiwe ni gesi.

#5 Mla Tambuu

Mama shikamoo. Mbona majani ya koka hujayataja? Watu wa Andes wameyatumia kwa karne nyingi. Hoteli nyingi za Cusco ukiingia tu unapewa kikombe cha chai yake.

Na watu wanakosea namna ya kula. Yanafanya kazi kama tambuu yetu: jani bila chokaa ni jani tu. Unachukua majani kumi hadi kumi na tano, unatoa vikonyo, unayaweka shavuni, unayalainisha kwa mate bila kuyasaga. Halafu unaongeza kipande kidogo cha llipta, majivu ya mimea yaliyofinyangwa, yanauzwa hapo hapo kwa muuza majani. Majivu ndiyo yanayoitoa nguvu ya jani. Shavu linakufa ganzi, njaa na uchovu vinapungua. Llipta isiguse fizi moja kwa moja, inaunguza.

#6 Mama Famasia

Marahaba mwanangu. Sikuyataja kwa sababu ushahidi kwamba yanazuia ugonjwa wa mwinuko ni mdogo. Yanachangamsha, na maji ya moto ya ile chai yanasaidia mtu aliyekaukiwa. Hatari ninayoiona ni mtu kujisikia nafuu akaendelea kupanda huku ubongo unavimba. Akianza kuyumba kama mlevi, au akakosa pumzi hata akiwa amekaa, chai haina kazi hapo. Ateremshwe.

Na msirudi na pakiti hata moja. Peru na Bolivia ni halali, kwingine kwingi ni dawa ya kulevya kisheria, hata mkiwa mnabadilisha ndege tu. Mwenye kazi ya kupimwa mkojo asinywe kabisa, kikombe kimoja kinaonekana.

#7 Mla Tambuu

Nimekuelewa Mama, ila wachimba madini wa Potosí wanashinda chini ya ardhi kwenye mita 4,000 na zaidi kwa majani hayo, na hawamezi vidonge.

#8 Mwana wa Sirimon

Wamezaliwa juu, mkuu. Wana damu na vifua vya huko. Huwezi kuwafanya kipimo cha mtu wa Pangani.

#9 Mtembezi wa Pangani

Asanteni, tutapima wote wawili wiki hii. Shemeji yenu anauliza ya masoko: atajuaje sweta ni la alpaka kweli?

#10 Fundi wa Nyuzi

Mwambie karibu, hapa ndipo watu wanapigwa zaidi. Sweta kumi za Mercado San Pedro pale Cusco zilizoandikwa "baby alpaca", nyingi zina nyuzi za plastiki ndani. Jina lenyewe halimaanishi mtoto wa alpaka. Ni daraja la ulaini, unene wa uzi kama maikroni 22, na mnyama anaweza kuwa mzima kabisa.

Aliweke shavuni. Alpaka ya kweli kwanza inatoa ubaridi kidogo, ndipo inapata joto. Plastiki ina uvuguvugu tangu mwanzo na inateleza kama mfuko. Likunjwe mkononi: alpaka ni zito, linaning'inia, plastiki inaruka juu kama sponji. Atazame rangi pia. Mistari ya rangi kali inayowaka, na wanyama wanaofanana kabisa kwenye sweta hamsini, hiyo ni ya mashine. Kipimo cha mwisho ni moto. Aombe ruhusa, achomoe uzi mmoja wa pindo, auchome. Ukinuka nywele zilizoungua na ukasagika kuwa majivu, ni manyoya. Ukiyeyuka ukawa kishanga kigumu cheusi, ni plastiki. Muuzaji anayekataa uzi mmoja ameshajibu.

Skafu ya vikunya kwa bei ya chakula cha mchana haipo. Vikunya ni mnyama wa porini anayelindwa, anakusanywa na kijiji kizima, ananyolewa na kuachiwa, na manyoya yake yanauzwa kwa kibali.

Akitaka kuona rangi za asili aende kijiji cha Chinchero. Wafumaji wanachukua kidudu kikavu cha kwenye dungusi, wanakisaga kiganjani, kinatoa wekundu wa damu. Wakidondoshea ndimu, wekundu unageuka rangi ya chungwa. Wakitia chumvi ya magadi, unakuwa zambarau. Yote kwenye kiganja kimoja.

Bei: asikate nusu kwa nusu kama Kariakoo, wafumaji wanaumia. Achukue vitu vitatu kwa mtu mmoja, ndipo aombe apunguziwe. Na awe na chenji, noti kubwa asubuhi inamrudisha mikono mitupu.

#11 Shamba la Mbeya

Kwenye chakula, aombe yapa. Ni nyongeza yetu hii hii. Akinunua maji ya matunda pale San Pedro, akimaliza bilauri ya kwanza mama anamjazia kilichobaki kwenye mashine. Aseme mapema yasitiwe maji ya bomba wala barafu.

Nami naomba msipite Puno bila kuangalia chuño. Ni viazi vyeusi vidogo, vyepesi kama kizibo, mtu anaweza kudhani ni kokoto. Juni na Julai ndiyo msimu wake. Viazi vinatandazwa chini usiku baridi inapoganda, mchana jua linaviyeyusha, usiku vinaganda tena. Baada ya usiku tatu hivi vinakanyagwa kwa miguu, maji na maganda yanatoka, ndipo vinakaushwa. Vinakaa miaka. Ile nyeupe, tunta, inalowekwa wiki kadhaa kwenye maji yanayotembea kabla ya kukaushwa. Aina nyingi ni viazi vichungu vyenye sumu, na kuganda na kuloweka ndiko kunakoitoa. Ni akili ile ile ya makopa ya muhogo mchungu, isipokuwa wao wametumia baridi. Kupika: loweka usiku kucha, kamua kama sponji mpaka maji yatoke safi, chemsha. Ukiruka kukamua utakula uchungu halafu useme chakula chao kibaya.

#12 Pwani Tamu

Na matunda! Chirimoya ni ndugu wa topetope, mbegu chache, nyama nyingi. Sachatomate ni tunda damu letu. Sisi tunasema viazi ulaya, na hapo ndipo vilipotoka.

#13 Jicho la Ndege

Mtembezi, nikusahihishe kwa nia njema: kondori si tai. Ni wa jamii ya tumbusi wa Amerika, anakula mizoga, makucha yake hayashiki windo. Bawa hadi bawa anafika mita 3.3 na uzito wa kilo 15, ndiyo maana ni mara chache anapigapiga mabawa. Anasubiri hewa ya joto imwinue. Cruz del Cóndor, pale Colca, fika saa mbili asubuhi, ukae hadi saa nne. Ziara za siku moja zinatoka Arequipa saa tisa usiku ili ziwahi, mnafika mmechoka na vichwa vinauma. Laleni Chivay au Cabanaconde. Dume ana upanga wa nyama kichwani, jike hana. Kijana ni wa kahawia mwili mzima.

Uyuni mtaona heroe, flamingo wenyewe, wa aina tatu ziwa moja. Angalieni miguu: wa James miguu myekundu na mdomo wa njano wenye ncha nyeusi, wa Andes miguu ya njano, wa Chile miguu ya kijivu yenye magoti ya waridi. Wa James alidhaniwa ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1956. Julai idadi hupungua kwa baridi, msitegemee wingi wa Natron au Bogoria.

Kama mtashuka Tambopata, kwenye msitu wa Amazonia upande wa Peru, kasuku wakubwa wanakula udongo kwenye kingo za mto alfajiri. Udongo ule unanasa sumu za mbegu mbichi wanazokula.

#14 Msitu wa Amani

#13 mkuu, hilo la sumu halijakubalika na wote. Maelezo mengine ni chumvi. Mvua inayofika magharibi ya Amazonia imesafiri mbali na bahari, sodiamu ni haba kwenye mimea, na udongo wanaouchagua una sodiamu nyingi kuliko tabaka za jirani. Kingo za namna hiyo zimejazana upande huo huo wa bara.

#15 Jicho la Ndege

Nalijua. Lakini kwa nini wanapeleka udongo huo kwa vifaranga? Kifaranga anahitaji kinga ya sumu pia. Inawezekana vyote viwili.

#16 Msitu wa Amani

Kifaranga anahitaji chumvi vile vile. Tuliache, maana Mtembezi ana jambo la dharura zaidi: asubuhi ya mvua kasuku hawashuki. Wekeni asubuhi mbili. Na Juni hadi Agosti upepo baridi wa kusini unaingia msituni, siku tatu nne joto linaanguka ghafla. Watu wanaacha masweta Cusco, wanatetemeka kwenye mtumbwi. Ziwa Sandoval mtapigiwa kasia, injini haziruhusiwi, na hapo ndipo pa kumwona fisi maji mkubwa, urefu wake hufika karibu mita 1.8.

#17 Dereva wa Arusha

Uyuni mtapanda Land Cruiser zile zile tunazopeleka Serengeti. Kagueni kabla ya kulipa: mikanda ya viti sita, tairi la akiba lenye meno, mtungi wa oksijeni wenye mshale usio kwenye sifuri, na mzungumzisheni dereva kidogo asubuhi mjue kama amelala vya kutosha. Piga magoti uangalie chini. Chumvi inakula chasi na mabomba ya breki. Gari lisilooshwa chini kila safari linaonekana, kutu inabanduka kama maganda ya kitunguu. Begi linafungwa juu, liwekeni kwenye plastiki.

Usiku wa pili mnalala karibu na Laguna Colorada, mita 4,300 hivi. Julai baridi inafika nyuzi 15 hadi 20 chini ya sifuri. Kodini mfuko wa kulalia mjini. Betri za simu na kamera laleni nazo ndani ya mfuko, la sivyo asubuhi hazina chaji.

#18 Mwana wa Sirimon

Turudi kwenye ratiba, maana ya pili nayo ina mtego ambao hakuna aliyeutaja. Arequipa ni mita 2,335, sawa. Lakini barabara ya Chivay inapita Patapampa, mita 4,910. Hapo ni juu ya kambi ya Kibo, ndani ya gari, siku mliyotoka 2,335. Mnapita, hamlali, lakini waongozaji wanawashusha dakika ishirini kupiga picha na kununua soksi. Msikimbie. Laleni Arequipa usiku tatu kwanza.

#19 Mgumu wa Marangu

Hilo nakubali. Naongeza: kutoka Chivay, 3,635, shukeni mkalale Cabanaconde, kama 3,290, kisha ndiyo Puno, 3,827. Panda juu, lala chini.

Na mkuu, kama mlima wenyewe unaotaka ni Huayna Potosí karibu na La Paz, mita 6,088, usiuchukulie kama Uhuru iliyoongezewa mita 200. Kule ni barafu. Unavaa vyuma vya meno miguuni, unafungwa kamba na mwongozaji, na mpasuko wa barafu uliofunikwa na theluji huuoni. Chukua programu ya siku tatu, siku ya kwanza ikiwa ya mafunzo. Ya siku mbili inauzwa sana kwa bei nafuu, na ndiyo inayorudisha watu njiani.

#20 Fundi wa Nyuzi

Siku hizo shemeji aende soko la 16 de Julio, El Alto, mji wa juu ya La Paz. Linafanyika Alhamisi na Jumapili tu, kwa hiyo ratiba ya mlima ifuate soko. Begi mbele ya kifua, simu isitoke.

#21 Dereva wa Arusha

Siku hazitoshi. Lima 1, Arequipa 3, Colca 2, Puno 2, Copacabana (ya Bolivia) 1, La Paz na mlima 5, Uyuni 4, Cusco na Machu Picchu 5, Tambopata 3. Hizo ni 26 kabla ya kuhesabu ndege ya kutoka Addis Ababa hadi São Paulo na kusubiri. Kitu kikatwe.

#22 Jicho la Ndege

Uyuni. Heroe wako nyumbani.

#23 Dereva wa Arusha

Tambopata. Kasuku nao wako Amani.

#24 Msitu wa Amani

Wa Amani hawali udongo, mkuu.

#25 Mtembezi wa Pangani

Tumekaa na ushauri wenu usiku huu. Ratiba ya pili imepita. Mke wangu amesema Tambopata haikatwi, Alhamisi ya El Alto haikatwi, na kati ya Uyuni na Huayna Potosí nichague mimi. Bado nawaza. Hati za homa ya manjano tunazo, zimeandikwa za mwaka 2013. Je, zimeisha?

#26 Mama Famasia

Hazijaisha. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabiwa ya maisha, hata kadi iliyoandikwa miaka kumi. Bolivia wanaweza kuiomba kwa mtu anayetoka nchi zetu, kwa hiyo ikae ndani ya pasipoti, isiingie kwenye begi la chini. Hakikisheni jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Na noti za dola zikaguliwe moja moja: yenye mpasuko hata wa milimita mbili wanaikataa, kama huku.

#27 Mgumu wa Marangu

Machu Picchu tiketi inachagua njia ya kupita ndani, na ukishaingia hugeuzi. Picha ile ya kijiji chote na mlima nyuma iko njia ya 2, nayo ndiyo inayoisha kwanza kwa Julai. Kata hiyo kabla ya ndege.